Abiria namba saba wa Mama Daftari

Saa moja kasoro robo asubuhi. Nyuma ya kaunta ndefu ya kituo cha mabasi, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi anamvisha mtoto wa miaka sita utepe wa kijani mkononi. Anapiga mafundo mawili, anapitisha kidole chini ya utepe kuona kama umebana, halafu anainama mpaka macho yao yanakuwa sawa.

"Unakwenda kwa nani?"

"Kwa bibi."

"Bibi yupi? Mzaa mama au mzaa baba?"

Mtoto anafikiri. "Wa kuku."

"Bibi wa kuku," anarudia mwanamke huyo bila kucheka, na anaandika hivyo hivyo.

Kituoni hapa hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Daftari kwa madereva, kwa makondakta, hata kwa meneja anayemlipa. Ana umri wa miaka arobaini na tatu, na kwa miaka kumi na minne kazi yake imekuwa moja: kuwaandikisha watoto wanaosafiri bila wazazi na kuwakabidhi kwa kondakta mpaka mji wa pili, mwendo wa saa tisa.

Wazazi wanaomletea watoto ni wa kila namna. Wapo walionyimwa ruhusa kazini, wapo wenye nauli ya mtu mmoja tu, na wapo walioachana ambao hawataki kuonana uso kwa uso, basi mtoto ndiye huenda na kurudi baina yao. Kwa siku huandika watoto watano hadi kumi na wawili. Mshahara wake, kwa maelezo yake mwenyewe, "ukijitahidi sana unafika tarehe kumi na tisa."

Kila mtoto hupata mstari mmoja: jina, umri, aliyemleta, atakayempokea, namba ya simu. Chini ya ukurasa kuna karatasi ya kaboni, na nakala husafiri na kondakta ndani ya mfuko wa plastiki. Safu ya mwisho huachwa wazi. Safu hiyo aliibuni yeye.

"Mwaka wangu wa pili hapa, kule mwisho wa safari alikuja mwanaume ana kila kitu mkononi," anasimulia. "Namba ya simu anayo, jina la mtoto analijua, anasema yeye ni mjomba. Mtoto ameng'ang'ania benchi, hasemi neno. Kumbe hakuwa mjomba wa mtu yeyote. Tangu siku hiyo nikasema, tusimuulize mkubwa. Tumuulize mtoto."

Basi mtu akija kumchukua mtoto, karani wa kule humwonyesha na kuuliza swali moja: huyu ni nani? Mtoto atakachosema ndicho kinachoandikwa kwenye safu ya mwisho, kama kilivyotoka mdomoni. Shangazi. Baba mkubwa. Bibi wa kuku. Mtoto akinyamaza, haondoki. Mpokeaji anaweka saini, na kesho yake karatasi inarudi na basi, inabandikwa juu ya ukurasa wake daftarini.

Madaftari thelathini na moja yamejaa tayari. Yamepangwa kwenye kabati la mbao nyuma ya kiti chake, na hakuna mtoto hata mmoja aliyepotea. Akilisema hilo anakaa wima kidogo, na ana haki.

Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa miaka yote hiyo Mama Daftari aliwabeba watoto wa wenzake kwa wepesi huo. Mama akilia mbele ya kaunta, yeye humwambia: "Nenda kazini, mama. Atafika. Usimpungie mkono sana, utamliza bure." Alikuwa na dawa ya kila mzazi.

Mpaka zamu ilipomfikia yeye.

Binti yake ana miaka kumi na sita, mwembamba, mrefu kumpita mama kwa kichwa kizima. Wanaishi wawili katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala, ambako unga wa mbao huingia mpaka kwenye sukari. Yeye na baba wa binti waliachana mtoto akiwa na miaka minne. Mwanaume huyo alikwenda kuendesha mitambo ya ujenzi katika mji ule ule wa pili, na huko akaoa fundi cherehani.

Mama Daftari hamtaji fundi huyo kwa jina wala kwa kazi yake. Humwita "yule," na kidevu kinaelekea upande basi linakotokea.

"Mwanzoni sikuwa na neno naye," anasema. "Mtu ameolewa, ameolewa. Mimi na baba yake tulishamalizana. Shida ilianza na gauni."

Gauni lilikuja mwaka jana kama kifurushi cha basi, kwa jina la binti. Vifurushi hupitia kaunta hiyo hiyo, hivyo aliyelipokea ni mama. Alilifungua, akaliangalia, akalifunga tena, akaliweka kwenye droo siku nne.

"Siku ya tano nikampa. Akalivaa. Lilimkaa kama ameshonewa akiwa amesimama hapo hapo. Mimi niliyemzaa nikimnunulia nguo inapwaya. Yule amekijulia wapi kiuno cha mwanangu?"

Jibu lilikuwa jepesi, na kwa kuwa lilikuwa jepesi lilimuuma zaidi. Binti alikuwa amejipima mwenyewe kwa uzi, akapiga picha, akazituma. Wawili hao walikuwa wakizungumza kwa simu kwa miezi: mikunjo, pindo, jinsi ya kukata kola. Binti anataka kuwa fundi. Amalizapo mtihani mwisho wa mwaka, anataka kwenda kukaa kule miaka miwili ajifunze kazi kwenye cherehani ya yule.

Hilo ndilo lililomnyima mama usingizi. Baba mtu yuko kwenye ujenzi kutwa, anarudi nyumbani kulala tu. Kwenda kwa baba ni jina. Binti angekuwa anakwenda kwa mwanamke mwingine.

Wakakubaliana kwanza aende kwa likizo ya wiki tatu, apaone. Mama alitaka amtafutie mtu mzima wa kumsindikiza. Binti akakataa. Mama akapendekeza amvishe basi walau utepe. Binti akacheka, kisha akaona mama hatanii.

"Mama, mimi nasafiri," alimwambia. "Situmwi."

Baada ya siku tatu za kununiana walifikia mapatano. Hakuna utepe. Hakuna daftari. Binti atapiga simu basi likisimama katikati ya safari, na atapiga tena akifika. Nyumba anaijua kwa maelezo, atakwenda mwenyewe kutoka kituoni. Mama akaahidi. Akaapa, kwa kweli.

Asubuhi ya safari, binti alipanga foleni dirishani kama abiria wengine. Aliyekuwa akikata tiketi siku hiyo ni mwanamke mcheshi aliyekaa dirisha la pili kwa miaka minane, na anaikumbuka vizuri.

"Mtoto ametulia, anaomba kiti cha dirishani, anasema asante. Huku nyuma mama yake anapanga kalamu ambazo zimeshapangwa," anasema mkata tiketi huyo. "Nikamwambia, dada, kaa chini, utatoboa sakafu."

Saa mbili kasoro dakika kumi, injini inanguruma, Mama Daftari alimwona binti yake kupitia kioo cha basi. Alikuwa kwenye simu, anacheka mpaka amefunika mdomo.

"Nikajiuliza anaongea na nani. Halafu nikajijibu," anasema. "Ningekwambia niliogopa, ungeniandika vizuri kwenye gazeti lako. Mama ana hofu, wasomaji wangenihurumia. Lakini haikuwa hofu. Ilikuwa wivu. Uliniwaka mpaka masikio."

Alifungua daftari. Mstari wa sita alikuwa msichana wa miaka mitano anayekwenda kwa mjomba. Wa nane na wa tisa walikuwa mapacha wanaogombania begi moja. Mstari wa saba ulikuwa wazi, kwa sababu mzazi mmoja alighairi. Akamwandika binti yake pale. Mpokeaji: akaandika jina la yule, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwa herufi kubwa.

"Nilitaka aitwe. Aje mwenyewe, aweke saini kwamba amempokea mtoto wangu kutoka kwangu. Ajue kuna mwenye mali."

Kondakta alichukua nakala bila kuisoma. Basi likaondoka.

Kinyozi hajinyoi, na Mama Daftari, aliyewafundisha maelfu ya wazazi namna ya kumwachia mtoto, alikaa kwenye kiti chake siku nzima akitazama simu. Katikati ya safari binti alipiga kama walivyokubaliana. Alikuwa na furaha. Alisema amekaa na mama mmoja mwenye mtoto mchanga, na amemsaidia kumbeba. Mama yake akajibu "sawa, sawa," akakata simu haraka asije akakiri.

Karani wa mji wa pili ni mzee ambaye makondakta wamempa jina la Spika, maana sauti yake haihitaji kipaza sauti. Saa kumi na moja jioni basi liliingia. Spika akashika karatasi, akaanza kuwaita watoto kwa namba, kama afanyavyo siku zote.

"Namba saba!"

Binti alikuwa tayari ameshuka, ana begi begani, anaelekea getini. Alisikia jina lake likifuata namba. Akarudi akidhani ameacha kitu kwenye kiti. Spika, ambaye kazi yake ni kufuata karatasi wala si kuangalia urefu wa mtu, akamwonyesha benchi la watoto.

Alikaa dakika hamsini. Kulia kwake pacha mmoja, kushoto msichana wa miaka mitano aliyelala kwenye mkono wake. Abiria wengine wakipita walimtazama na kutabasamu. Aliomba aachwe aende, akasema ana miaka kumi na sita, akasema aliyemwandika ni mama yake na amekosea.

"Mama yako hajawahi kukosea," Spika alimjibu. Alidhani anamsifia.

Fundi cherehani hakuwepo kituoni kwa sababu binti mwenyewe alimkataza kuja. Alipigiwa simu akiwa kazini. Alifika mbio, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, kiatu kimoja kimefungwa na kingine hakijafungwa. Spika akamsimamisha mbele ya benchi, akauliza swali ambalo ameliuliza kwa miaka kumi na mbili.

"Huyu ni nani?"

Binti alimtazama yule mwanamke, akatazama karatasi yenye mwandiko wa mama yake.

"Mama," alisema.

Usiku haujaingia bado, Mama Daftari alipigiwa simu na Spika. Mazungumzo hayo anayajua kwa moyo.

"Wote wamepokewa, Mama Daftari. Hata wako."

"Amemwitaje?"

Spika alikohoa. "Karatasi inakuja kesho."

"Nisomee."

"Mama."

"Mama nani? Mama mdogo? Mama wa kambo?"

"Mimi naandika ninachosikia," alisema mzee. "Si wewe uliyenifundisha?"

Kesho yake karatasi ilirudi. Mkata tiketi anasema mwenzake aliitazama kwa muda mrefu sana, halafu akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya katika madaftari thelathini na moja. Akachukua wino mweupe wa kufutia, akalifuta neno. Akalipuliza likauke.

"Nikamwambia, mchimba kisima huingia mwenyewe," anasema mkata tiketi. "Hakunisemesha mpaka wiki ilipoisha. Hata chai alikunywa amenipa mgongo."

Wiki tatu zilizofuata binti hakupiga simu. Alituma ujumbe mmoja kila jioni, wa maneno mawili: niko salama. Mama aliuhesabia herufi. Alihamia kulala kwenye kitanda cha binti, kwa kisingizio kwamba godoro lake limebonyea. Wateja walipomletea watoto aliwafunga tepe zikabana, na mara mbili ilibidi azilegeze.

"Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nilikuwa naisikia tu kwenye taarabu za majirani," anasema. "Sketi hii nilikuwa siifungi kwa pini."

Mwandishi wa makala haya alimpigia simu fundi cherehani kumsikiliza naye. Anazungumza taratibu, na nyuma yake cherehani hainyamazi.

"Mimi mwenyewe nilishtuka pale kituoni," anasema. "Tulipofika nje nikamwambia, mwanangu, neno lile mama yako akilisikia litamuumiza. Akasema, ndiyo maana nimelisema. Akaanza kulia. Alilia mpaka nyumbani."

Je, alifurahi kuitwa hivyo? Cherehani inasimama.

"Nisiseme uongo, nilifurahi. Sina mtoto. Lakini ilikuwa dakika ile moja tu. Wiki tatu zote nilizokaa naye ni mama hufanya hivi, mama hukunja mashuka hivi, mama asingekubali hivi. Nikipika, mama huweka chumvi mwisho. Nilifika mahali nikamwambia baba yake, nimechoka kuishi na mwanamke ambaye hayupo. Na mimi ni binadamu."

Mama Daftari alipofikishiwa maneno hayo alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa tena.

"Alisema hivyo? Kwamba amechoka?"

Alisema hivyo.

"Na aumie kidogo," anasema. Anajaribu kuuzuia mdomo usicheke, na anashindwa.

Binti alirudi siku ya Alhamisi mchana bila kusema atapanda basi gani. Mama alikuwa anamfunga utepe mtoto wa mtu, akanyanyua macho kuita mzazi anayefuata, na aliyefuata kwenye foleni alikuwa binti yake. Alikuwa na begi jipya la kitambaa cha bluu, mishono imenyooka isipokuwa upande mmoja.

"Nilitaka kuruka kaunta," anasema mama. "Miguu ikakataa. Nikasema tu, umerudi."

Binti aliweka begi juu ya kaunta. Aliomba daftari. Mbele ya wazazi wanne waliokuwa wakisubiri, alipekua mpaka ukurasa wa siku ile, akashuka kwa kidole mpaka mstari wa saba. Aliiona safu ya mwisho ikiwa nyeupe. Akaukwangua wino kwa ukucha, taratibu, mpaka neno likaonekana.

"Mama," alisema, "umefuta jina lako mwenyewe."

Mkata tiketi anasema pale dirishani kwake foleni ilisimama, na hakuna aliyelalamika. Mama Daftari alilia mbele ya wateja, yeye anayewakataza wenzake kulia. Binti naye alikuwa na yake ya kusema, akayasema wazi: kwamba aliaibishwa, kwamba alikuwa amejiandaa kwa safari ile kwa mwezi mzima, kwamba alikariri njia kutoka kituoni mpaka nyumbani na hakuitembea hata hatua moja.

"Nilisema mama kwa hasira," binti anaeleza sasa, wakati amekuja kumletea mama yake chakula cha mchana. "Nilijua ataisoma. Lakini mama mdogo alikuja mbio na kiatu kimoja hakijafungwa. Kwa hiyo haikuwa hasira yote. Sijui nikuelezeje. Mtu mmoja akiitwa mama, mwingine hapunguki."

"Anapunguka," anasema Mama Daftari kutoka upande wa pili wa kaunta, bila kunyanyua kichwa. "Kidogo anapunguka."

Wanacheka wote wawili. Bado hawajamaliza ugomvi wao. Wamejifunza tu kugombana kwa sauti ya chini. Binti anaona mama anauliza maswali mengi kuliko polisi. Mama anaona binti amerudi na namna mpya ya kushika mkasi, na anajua ameitoa wapi, na kila akimwona akikata kitambaa hugeuka kutazama kando.

Lakini mwezi wa kwanza binti atakwenda. Mama amekubali, na aliyemwambia ni daftari lenyewe. Jioni moja alikaa akasoma madaftari ya zamani, safu ya mwisho tu, ukurasa baada ya ukurasa. Mama, mama mlezi, mama mkubwa, mama wa jirani. Watoto walikuwa wameita mama watu chungu nzima, na kila likizo ilipoisha walirudi kwa mabasi yale yale, kwenye kaunta ile ile, kwa waliowatuma.

Safari hii hatamwandika. Atamsindikiza mpaka mlango wa basi, hataingia ndani kumpangia begi. Binti naye ameahidi kupiga simu katikati ya safari, na akifika atatembea njia yake mwenyewe huku akimweleza mama kila kona kwa simu. Hilo la simu ni yeye aliyelipendekeza.

Mama Daftari ana mpango mwingine, na huu hajamweleza mtu ila mkata tiketi na msomaji wa makala haya. Katika miaka kumi na minne amewasafirisha maelfu ya watoto, na yeye mwenyewe hajawahi kupanda basi hilo hata siku moja. Likizo yake ya mwaka ni mwezi wa tano. Atasafiri peke yake.

Mkata tiketi atamwandika kwenye daftari, mstari mzima, na utepe wa kijani atavaa. Kwenye mpokeaji litaandikwa jina la binti yake. Spika ataita namba, naye atakaa kwenye benchi la watoto mpaka aje kuchukuliwa, hata kama ni dakika hamsini.

"Halafu mzee atamuuliza mwanangu, huyu ni nani," anasema, na kidevu kinaelekea upande basi linakotokea. "Na yule awepo. Nitamwomba mwenyewe kwa simu, kwa heshima zote. Asimame karibu na benchi, asikie vizuri."